Kwa Nini Wahariri Hukosa Usingizi Shujaa Akioa

Tarehe 5 Juni 1987, katika uwanja wa besiboli wa Shea jijini New York, kabla timu ya Mets haijaanza mchezo wake na Pittsburgh Pirates, mashabiki waliokuwa uwanjani walishuhudia harusi. Bwana harusi alikuwa mwigizaji aliyevaa vazi la Spider-Man, bibi harusi alikuwa mwigizaji aliyevaa kama Mary Jane Watson, na aliyesimama kuwafungisha ndoa alikuwa Stan Lee, mmoja wa waliomuumba shujaa huyo mwaka 1962. Katika toleo maalumu la katuni lililotolewa kwa ajili ya ndoa hiyo, gauni la Mary Jane lilibuniwa na Willi Smith, mbunifu wa mavazi Mmarekani mweusi aliyekuwa na jina kubwa wakati huo, na ambaye alifariki dunia mwezi Aprili mwaka huohuo. Kwa kifupi, watu walijipanga: uwanja upo, mashahidi wapo, na fundi wa gauni anajulikana.

Miaka 20 baadaye ndoa hiyo ilivunjwa, na aliyeivunja hakuwa kadhi, wala hakimu, wala baraza la usuluhishi la kata. Alikuwa Ibilisi.

Hadithi yenyewe ilitoka mwishoni mwa mwaka 2007. Shangazi May, aliyemlea Peter Parker, ambaye ndiye Spider-Man akivua vazi, tangu utotoni, anapigwa risasi iliyokusudiwa kumpata Peter, na madaktari wanakata tamaa. Ndipo anapotokea Mephisto, ambaye katika ulimwengu wa Marvel, kampuni inayochapisha katuni za Spider-Man, ni Ibilisi kwa kila hali isipokuwa jina, na kutaja bei yake. Atamponya bibi huyo, lakini hataki roho ya mtu, anataka ndoa. Hataki hata wapeane talaka. Anataka ndoa hiyo iwe haikuwahi kufungwa, na wao wenyewe wasikumbuke kwamba waliwahi kuwa mume na mke. Wanakubali, kunakucha, na Peter anaamka akiwa kapera nyumbani kwa shangazi yake. Joe Quesada, aliyekuwa mhariri mkuu wa Marvel na ambaye ndiye aliyeichora hadithi hiyo, hakuzificha sababu zake: shujaa mwenye mke huonekana mtu mzima mno machoni pa msomaji kijana, na ukimpa talaka au ukamfanya mjane unamzeesha zaidi. Mwandishi wake, J. Michael Straczynski, hakuridhika na jinsi mambo yalivyomalizwa, hata akafikiria kuliondoa jina lake katika sehemu za mwisho.

Nilisoma hadithi hiyo nikiwa na ndoa changa. Mashabiki wengi walimkasirikia Ibilisi, ambaye kwa kweli alikuwa kazini kwake. Kilichonikaa mimi moyoni ni njia aliyoitumia. Waandishi wangeweza kuwagombanisha Peter na Mary Jane, wangeweza kuwatenganisha kwa safari au kwa ugonjwa, lakini waliona salama zaidi kuwasahaulisha; na tangu hapo nimekuwa nikikutana na kusahau huko kila mahali katika hadithi za mashujaa, kwenye karatasi na kwenye skrini. Hadithi isiyo na mwisho hulazimika kurudi mwanzo kila baada ya muda, ili msomaji mpya asijione mgeni. Ndoa hairudishwi mwanzo, kwa sababu imejengwa kwa yale ambayo kila mmoja anayakumbuka kuhusu mwenzake, yale mema na yale ambayo angependa yasahaulike. Hapo ndipo wahariri wanapokosa usingizi, na hapo ndipo mimi, msomaji mwenye mke, ninapoanza kuwa macho.

Ni vizuri msomaji ajue ninaandika nikiwa wapi. Kazi yangu, katika kampuni moja ya bima hapa Dar es Salaam, ni madai: napokea fomu za watu waliopata ajali, nasoma ripoti ya polisi na ya mkadiria hasara, kisha napendekeza kama tutalipa na kiasi gani. Mke wangu ni fundi cherehani. Ana daftari la vipimo lenye majina ya wateja wa tangu kabla hatujaoana, na mimi nimo humo. Kiuno changu kimeandikwa, kikakatwa kwa mstari, kikaandikwa upya, kikakatwa tena, kila mara namba ikipanda, na suruali zangu zimeifuata namba hiyo kwa kuachiwa mshono wa nyuma kidogo kidogo. Sijui shujaa yeyote wa katuni ambaye kiuno chake kimewahi kuandikwa mara mbili, isipokuwa mmoja ambaye nitamfikia.

Mke wangu hakukua na katuni. Mimi nilikua nazo, vitabu vya mitumba vilivyopangwa chini kandokando ya barabara za katikati ya jiji, vingine havina jalada, vingine vikianzia ukurasa wa tano, hivyo mwanzo wa hadithi ilikuwa juu yako kuubuni. Filamu nilizitazama katika mabanda ya video, ambako sheria ilikuwa moja tu, steringi hafi, na ambako mke wa steringi, kama alijaliwa kuwa naye, aliuawa mapema ili steringi apate sababu ya kulipiza kisasi. Mwaka 1999 mwandishi wa Marekani Gail Simone alikusanya orodha ya wanawake wa katuni waliouawa, waliolemazwa au walionyang'anywa nguvu zao ili hadithi ya mwanamume isonge mbele. Nilipoisoma orodha hiyo nilikumbuka mabanda yetu, kwa kuwa tungeweza kumwongezea majina hadi asubuhi.

Tunapotazama filamu hizi pamoja, mke wangu huuliza maswali ya fundi. "Baba Imani, huyu ameingiaje humo? Zipu iko wapi?" Kitambaa hicho kinavutika kiasi gani, kikichanika begani nani anakishona, na jasho lote hilo linafuliwa na nani? Ni maswali mazuri kuliko yanavyosikika, na katuni za zamani ziliyajibu. Katika miaka ya 1960 Peter Parker alishona vazi lake mwenyewe chumbani, kwa sindano na uzi, akihofia Shangazi May asije akafungua mlango. Vazi la Superman, kwa simulizi ya zamani, lilishonwa na mama yake mlezi kutokana na mablanketi aliyofika nayo kutoka Krypton, sayari alikozaliwa. Kila vazi la shujaa, ukilifuatilia, linakurudisha kwenye nyumba ambamo kuna mtu anayejua au anayekaribia kujua.

Tabia ya kusahaulisha haikuanza na Mephisto. Tangu mwaka 1938 Clark Kent, ambaye ndiye Superman mwenyewe akivaa kiraia, alimpenda mwandishi wa habari Lois Lane, Lois akampenda Superman, na vizazi vya wasomaji vikafurahia mzunguko huo usiofika popote. Katika filamu ya Superman II, ya mwaka 1980, Superman anafikia hatua ya kuziacha nguvu zake ili aishi na Lois kama binadamu wengine. Filamu inapokwisha amezirudia nguvu hizo, na kwa busu moja amemfutia Lois kumbukumbu zote, ili kesho ofisini Lois ampite Clark bila kumtambua. Nilipokuwa kijana busu lile lilinihuzunisha kwa uzuri. Siku hizi linaniudhi, kwa kuwa Lois hakuulizwa. Filamu ya Spider-Man ya mwaka 2021 ilifanya jambo lilelile kwa ukubwa zaidi: dunia nzima inamsahau Peter, pamoja na msichana anayempenda, ingawa safari hii angalau ni yeye anayebaki na mzigo wa kukumbuka peke yake.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote kuhusu hofu ya wahariri ni cha mwaka 1992. Clark alikuwa amemchumbia Lois mwaka 1990, akamfunulia siri yake mwaka uliofuata, na waandishi wakawa wanapanga harusi. Kumbe kulikuwa na tamthilia ya televisheni iliyokuwa ikiandaliwa juu ya wapenzi haohao, na wakuu wakaamua kwamba harusi ya kwenye karatasi iisubiri ya kwenye televisheni. Waandishi wakabaki na pengo kubwa katika ratiba yao. Mmoja wao, Jerry Ordway, alikuwa na mzaha wake wa siku zote katika vikao vya kupanga hadithi, kwamba basi wamuue tu, na safari hii mzaha ukapita. Superman akafa katika toleo la Novemba 1992, toleo lililouzwa kwa mamilioni ya nakala na kutangazwa katika taarifa za habari. Walizuiwa kumwozesha mtu, wakaona afadhali wamzike. Baadaye alifufuka, kama ilivyo desturi yao, na harusi ikafungwa mwaka 1996, kwenye katuni na kwenye televisheni kwa pamoja.

Mwaka 2011 kampuni ya DC, mchapishaji wa Superman, ilizianzisha upya katuni zake kuanzia namba moja, na ndoa hiyo ikatoweka. Mwaka 2013 waandishi wa katuni ya Batwoman walijiondoa baada ya kuzuiwa kumfungisha ndoa, na Dan DiDio, mmoja wa wakuu wa DC, akaeleza hadharani kwamba mashujaa hawapaswi kuwa na maisha ya faragha yenye furaha. Mwaka 2016 ndoa ya Clark na Lois ikarudishwa, safari hii pamoja na mtoto wa kiume. Mwaka 2018 Batman alisubiri juu ya paa usiku wa harusi yake, na bibi harusi, Catwoman, hakutokea. Inachekesha ukikumbuka kwamba kanuni za maadili za katuni za Marekani, zilizopitishwa mwaka 1954, zilitaka hadithi za mapenzi zisisitize thamani ya nyumba na utakatifu wa ndoa. Kwa mashujaa wengi wakubwa utakatifu huo ulilindwa kwa kutowakaribisha kabisa.

Walioingia, wakati mwingine, walitupa hadithi ndogo ambazo hazijapata kupitwa. Barry Allen, mtaalamu wa maabara ya polisi na mtu mwenye mbio kuliko wote duniani, ambaye kwa namna isiyoelezeka hakuwahi kufika mahali kwa wakati, alimwoa mwandishi wa habari Iris West mwaka 1966 bila kumwambia kwamba yeye ndiye shujaa anayeitwa Flash. Aliishi na siri hiyo mwaka mzima. Siku ya kuadhimisha mwaka wa kwanza wa ndoa yao, katika toleo la mwaka 1967, alijikaza akamwambia, na Iris akamjibu kwamba alikuwa anajua tangu usiku wa harusi, kwa sababu Barry huongea usingizini.

Watu hucheka wakisimuliwa kisa hiki, na ni sawa kucheka. Mimi huufikiria mwaka ule wa Iris. Alimwacha mumewe atoke nyumbani kwa visingizio, arudi na visingizio vingine, apakuliwe chakula, na hakusema neno, akingoja siku ambayo mwenyewe angeweza kusema. Hakuna pigano la Flash ninalolikumbuka vizuri kama mwaka huo ambao hakuna aliyeuchora. Ukimya wa namna hiyo nimeuona kwa wazazi wangu na nimeuona kwa majirani. Wakati mwingine ni heshima, wakati mwingine ni uchovu, na aliye nje hawezi kutofautisha.

Kwenye skrini, filamu iliyoielewa ndoa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ya vibonzo. Ni The Incredibles, ya mwaka 2004, iliyoandikwa na kuongozwa na Brad Bird katika studio za Pixar. Serikali imewapiga marufuku mashujaa baada ya kuandamwa na kesi za fidia, na Bob Parr, aliyekuwa shujaa mwenye nguvu za kunyanyua treni, sasa ana mke, watoto watatu, kitambi, na kazi ya madai katika kampuni ya bima. Mtu wa kazi yangu hawezi kuitazama filamu hiyo kwa utulivu. Kuna bibi mmoja ambaye dai lake limekataliwa. Bob anamwambia kwa sauti ya kusikika ofisi nzima kwamba hawezi kumsaidia, huku kwa sauti ya chini akimwelekeza ajaze fomu gani, aipeleke idara gani na amwone nani, kisha anamwomba ajifanye amekasirika. Wafanyakazi wa namna hiyo wapo. Sitasema zaidi.

Usiku Bob humwambia mkewe, Helen, kwamba anakwenda kucheza na rafiki yake. Kwa kweli wawili hao hukaa ndani ya gari wakisikiliza redio ya polisi, na siku moja wanaokoa watu katika jengo linaloungua, ambalo linaporomoka. Bob anarudi nyumbani kwa kunyata, anajikatia keki jikoni, na Helen yuko sebuleni gizani, kwenye kiti, anamsubiri. Hamuulizi alikuwa wapi. Anaokota kipande cha kifusi kwenye bega la koti lake na kuuliza kama hiki ni kifusi. Kutoka hapo ugomvi unakwenda kama ugomvi wa nyumbani unavyokwenda: unaanza na koti, unahamia kwenye kuhamahama kwa familia kila Bob anapojulikana, unaangukia kwenye sherehe ya shule ya mtoto ambayo Bob anaiona ya kipuuzi, hadi watoto wanachungulia, na wazazi wote wawili wanabadilisha sauti kwa pamoja kusema kwamba wanajadiliana tu. Katika filamu nyingine za mashujaa sijaona dakika chache zilizojaa kiasi hicho, na hakuna hata ngumi moja iliyorushwa.

Kisha Bob anafukuzwa kazi, hamwambii mkewe, na kila asubuhi anaendelea kuaga kana kwamba anakwenda ofisini, kumbe ameitwa kisiwani kupigana na roboti kwa malipo makubwa. Anapungua kitambi, ananunua gari jipya, anakuwa mchangamfu nyumbani, yaani kila dalili ambayo mke yeyote angeisoma kwa namna moja. Helen anapata unywele wa mwanamke mwingine kwenye nguo yake. Lakini kinachomfikisha kwenye ukweli ni vazi la zamani la Bob lililotundikwa kama ukumbusho: anapolikaribia anaona kwamba lilichanika na limeshonwa, na mshono ni mpya, na anajua ni mtu mmoja tu duniani awezaye kushona hivyo. Mke wangu aliinuka kidogo kwenye kochi. Akasema mshono wa fundi mwingine haujifichi hata uwe safi vipi, kwa kuwa kila fundi ana nafasi yake kati ya tundu na tundu la sindano na namna yake ya kumalizia uzi, na kwamba yeye angeiona kazi ya mtu mwingine kwenye shati langu kabla sijavua viatu. Sikuwa na la kujibu, na sikuwa na shati la kutilia shaka, lakini niliona kwamba Brad Bird alikuwa ameijua nyumba kwa undani. Kwenye katuni za zamani siri ya shujaa hugunduliwa na mwandishi wa habari au adui mwerevu. Huyu amegunduliwa na mtu anayeijua kabati yake.

Karibu na mwisho Bob anamtaka Helen abaki nyuma na watoto ili yeye akapigane peke yake. Helen anakataa. Bob anakiri kwamba si ushujaa unaomsukuma; hawezi kuvumilia kuwapoteza tena, hana nguvu za kutosha. Filamu ya pili, ya mwaka 2018, ilibadilisha zamu, Helen akaenda kazini na Bob akabaki na watoto, na ingawa hadithi yake kwa jumla ni dhaifu, Bob anapokesha juu ya hesabu za mwanawe, akilalamika kwamba hesabu zimebadilishwaje wakati hesabu ni zilezile, anasema kwa niaba ya watu wengi. Kwetu sisi zamu hiyo huja kati ya Desemba na Januari, shule zinapokaribia kufunguliwa na sare zikiwa zimepangwa hadi juu ya friji.

Kuna ndoa moja iliyo nje ya hadithi hizi ambayo kila mpenzi wa katuni angepaswa kuijua. Katika miaka ya 1930, mjini Cleveland, msichana aliyetumia jina la Joanne Carter alitangaza gazetini kwamba anatafuta kazi ya kuchorwa, na kijana aliyemwita alikuwa Joe Shuster, aliyekuwa akitafuta sura ya Lois Lane. Mwandishi wa hadithi alikuwa rafiki wa Shuster, Jerry Siegel. Vijana hao wawili waliuza haki zote za Superman mwaka 1938 kwa dola 130. Joanne na Jerry walipotezana, wakakutana tena, wakaoana mwaka 1948, wakati kesi ya kwanza ya kudai haki hizo ilikuwa imekwisha vibaya na fedha zimekauka. Katika miaka ya 1970 mtu aliyemtunga Superman alikuwa karani mjini Los Angeles. Mwaka 1975, Warner, kampuni iliyoimiliki DC, ikiwa inaandaa filamu kubwa ya Superman, Siegel alipiga kelele hadi vyombo vya habari vikamsikia, na yeye na Shuster wakapewa pensheni ya dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka, na majina yao yakarudishwa kwenye kazi yao.

Siegel alifariki mwezi Januari 1996. Mwishoni mwa mwaka huohuo, Clark akamwoa Lois kwenye karatasi. Joanne aliendelea na madai ya haki za mumewe pamoja na binti yao mahakamani kwa miaka mingi, hadi alipofariki mwezi Februari 2011. Na mwezi Septemba mwaka huo DC ikaifuta ndoa ya Clark na Lois. Simo katika watu wanaosoma ishara kwenye tarehe. Ninachojua, kama mtu wa madai, ni kwamba faili hubaki wazi kwa sababu kuna mtu anayekataa lifungwe, na mara nyingi mtu huyo ni mjane mwenye bahasha ya karatasi zilizokunjwa vizuri. Kampuni ilikuwa na uwezo wa kusahau. Joanne hakuwa nao, na sidhani kama aliutaka.

Ndiyo maana, katika filamu zote za Avengers, kundi la mashujaa wa Marvel, ninalithamini zaidi sharti moja la Tony Stark, yaani Iron Man, katika Endgame ya mwaka 2019. Nusu ya viumbe wametoweka, miaka mitano imepita, na wenzake wanamjia na wazo la kurudi nyuma katika wakati. Tony ana mke, Pepper, na binti mdogo, na nyumba kando ya ziwa. Usiku, baada ya kugundua kwamba safari hiyo inawezekana, anamkuta Pepper amekaa anasoma kitabu cha kutengeneza mboji, na kwa sentensi chache zenye utani wanazungumza jambo zito kuliko vita yote itakayofuata: yeye anasema anaweza kuufungia ugunduzi huo ndani ya kasha, akautupa ziwani, akalale; Pepper anamuuliza kama ataweza kweli kupumzika. Anakwenda, lakini kwa sharti kwamba waliopotea warudishwe bila kuifuta miaka mitano iliyopita, kwa kuwa ndani ya miaka hiyo yumo mtoto. Mashujaa wengine wote wangebonyeza kitufe cha kurudi mwanzo na kuita huo ushindi. Huyu alikataa, na gharama yake aliilipa mwenyewe. Nina malalamiko mengi kuhusu filamu hiyo, hasa urefu wake, lakini si kuhusu hilo.

Hata Marvel imelegeza. Mwaka 2024 ilianzisha toleo jipya la Ultimate Spider-Man, lililoandikwa na Jonathan Hickman na kuchorwa na Marco Checchetto, ambamo Peter anapata nguvu zake akiwa mtu mzima mwenye ndevu, mke na watoto wawili. Toleo la kwanza liligombewa madukani, likachapishwa tena na tena. Kumbe msomaji kijana hakuwa akimkimbia mume wa mtu.

Tunachobishania nyumbani kwetu sasa ni filamu ya Fantastic Four ya mwaka 2025. Stan Lee alipenda kusimulia kwamba mwaka 1961 alitaka kuacha kazi, na mkewe, Joan, akamshauri aandike kwanza hadithi moja anavyotaka mwenyewe, kwani wakimfukuza atakuwa amepoteza nini; hadithi hiyo ikawa Fantastic Four. Jack Kirby, aliyewachora mashujaa hao, alikuwa na simulizi yake tofauti ya mwanzo huo. Vyovyote iwavyo, wawili kati ya mashujaa hao wanne, Reed Richards na Sue Storm, walioana mwaka 1965, wakapata mtoto mwaka 1968, na wahariri, kwa sababu ninayoshindwa kuieleza, wakawaacha waendelee. Katika filamu hii Sue ana mimba baada ya kungoja muda mrefu, na Galactus, mla sayari, anasema ataiacha Dunia akipewa mtoto aliye tumboni. Wote wanakataa, na mtoto anazaliwa. Lakini usiku Reed, ambaye akili yake haijui kuacha hesabu bila kuikokotoa, anakiri mbele ya mkewe kwamba pendekezo hilo amelipima.

Mke wangu alisema Reed hakupaswa kusema. Kuna hesabu mtu huipiga kichwani, akaimeza, akanyamaza, na mwenzake akiiona usoni basi ameiona, lakini hajaisikia kwa mdomo wa baba wa mtoto wake. Mimi nilisema Reed asingeweza kuficha, kwamba Sue angejua kama Iris alivyojua, na kwamba katika kazi yangu tathmini iliyofanywa bila kuandikwa kwenye faili ndiyo inayotufikisha mahakamani. Akasema mtoto si faili. Nikasema sikusema mtoto ni faili. Akasema, "Baba Imani, umesema." Reed na Sue wanatarajiwa kurudi katika filamu kubwa ya Avengers mwezi Desemba 2026, na pengine itatupa hoja mpya. Lakini Desemba mke wangu atakuwa katikati ya sare za shule, kwa hiyo itabidi tuitazame Januari ikiisha.